Nimetolewa mfuko wa nyongo. Mafuta ninayokula sasa yanameng'enywa na nini?

Tumaini_M

Habari zenu wanajukwaa. Nimefanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo kwa sababu ya vijiwe. Kidonda kimepona vizuri, namshukuru Mungu, na yale maumivu ya chini ya mbavu za kulia yaliyokuwa yakinishika usiku baada ya chakula kizito hayajarudi. Siku ya kuruhusiwa niliambiwa kuhusu chakula maneno mawili tu: "Epuka mafuta." Nilipouliza kwa muda gani na kwa kiasi gani, sikupata jibu. Watu walikuwa wengi nyuma yangu.

Basi nikaepuka kweli kweli. Kila kitu nachemsha kwa maji na chumvi. Kiini cha yai natupa, karanga nimeacha, maziwa nakunywa yaliyoondolewa mafuta. Sasa nasikia njaa muda mfupi tu baada ya kula, ngozi imekauka, na uzito unashuka bila mimi kutaka. Juzi nilikuwa kwenye shughuli nikala vyakula vya kukaanga, nikaharisha. Hapo ndugu wakaanza, kila mmoja na lake. Mmoja anasema bila mfuko wa nyongo mafuta hayameng'enywi kabisa, yanapita tu. Mwingine anasema yanaingia moja kwa moja kwenye damu na kuziba mishipa. Hayawezi kuwa kweli yote mawili.

Sitaki kuambiwa "kula hiki, acha kile" peke yake. Nataka kuelewa. Mafuta yakishaingia mwilini yanafanywa nini, hatua kwa hatua? Nyongo ninayo au sina? Na je, naweza kuishi bila mafuta kabisa nikawa salama?

Kipara_Mzee

Pole sana binti yangu. Mimi nilitolewa huo mfuko zamani, na leo nakula kama watu wengine. Miezi ya mwanzo tumbo lilikuwa likisumbua, baadaye likazoea. Nijuavyo mimi nyongo ndiyo inayomeng'enya mafuta, sasa kwa kuwa yako imepungua, nenda nayo taratibu. Usiogope.

Bi_Lishe

Tumaini, pole kwa upasuaji na hongera kwa kupona. Nafanya kazi ya lishe wodini, na watu waliotolewa mfuko wa nyongo nawaona wakirudi wamekonda kwa sababu ya maneno hayohayo mawili uliyopewa. Inaniuma, maana maelezo ya dakika chache yangetosha. Ngoja nikupe hayo maelezo, na zaidi kidogo kwa kuwa umesema unataka kuelewa.

Nyongo unayo. Inatengenezwa na ini, na ini lako halikuguswa. Ini la mtu mzima hutoa nyongo kiasi cha nusu lita mpaka karibu lita nzima kwa siku. Mfuko uliotolewa ulikuwa ghala dogo lenye nafasi ya mililita 30 hadi 50 hivi. Kazi yake ilikuwa kuihifadhi nyongo kati ya mlo na mlo, kuifyonza maji ili iwe nzito, kisha kuimwaga kwa mkupuo mafuta yanapofika utumboni. Wewe umepoteza ghala na ule mkupuo. Nyongo yenyewe inaendelea kuchuruzika kutoka kwenye ini kuingia duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mchana na usiku.

Sasa nimgeukie mzee wetu Kipara kwa heshima zote, kwa sababu alilosema linasemwa na watu wengi, hata wauguzi. Nyongo haimeng'enyi mafuta. Haina kimeng'enya cha kuyakata. Ukilielewa hili, mengine yote yatakaa mahali pake, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mafuta tunayokula, ya mmea au ya mnyama, karibu yote ni trigliseridi. Kila molekuli ina kiini kidogo cha gliseroli chenye kaboni 3, na kwenye kila kaboni kumeshikizwa asidi moja ya mafuta, yaani mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni, mara nyingi wenye kaboni 16 au 18. Zile sehemu tatu za kushikizia zinaitwa bondi za esta. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyetufumbua macho mwanzoni mwa karne ya 19. Alichunguza utengenezaji wa sabuni akaonyesha kwamba mafuta yakichemshwa na alkali hutengana kuwa gliseroli na asidi za mafuta. Alkali inakata bondi zote tatu, na inahitaji moto. Utumbo wako unakata bondi hizohizo kwenye nyuzijoto 37, na unakata mbili tu za pembeni. Hiyo ya katikati unaiacha. Mkataji ni kimeng'enya kinachoitwa lipesi, na lipesi hiyo inatoka kwenye kongosho. Kuna nyingine kidogo inayoanza kazi tumboni, lakini sehemu kubwa ya kazi ni ya kongosho, ambalo nalo halikuguswa kwenye upasuaji wako.

Shida ni kwamba lipesi inaishi kwenye maji, na mafuta hayataki maji. Inaweza kukata pale tu maji na mafuta yanapogusana, juu ya uso wa tone. Chukua tone la mafuta lenye kipenyo cha milimita 1. Ndani yake kumejaa trigliseridi zisizoguswa na chochote. Ligawe sasa liwe vitone vyenye kipenyo cha mikromita 1, ambayo ni sehemu ya elfu ya milimita. Utapata vitone bilioni 1. Mafuta ni yaleyale, hayakuongezeka hata chembe, lakini uso ambao lipesi inaweza kuugusa umekuwa mkubwa mara 1,000. Hapo ndipo nyongo inapoingia. Chumvi za nyongo zina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, zinajipanga juu ya kitone na kukizuia kisiungane tena na wenzake, kama sabuni inavyofanya kwenye sahani yenye mafuta. Nyongo inatawanya, lipesi inakata.

Aliyeliona hili kwa macho yake ni Claude Bernard, Mfaransa mwingine, miaka ya 1840. Kwa sungura, mrija wa nyongo unaingia utumboni karibu na tumbo, lakini mrija wa kongosho unaingia mbali zaidi kule chini. Bernard aliwapa sungura mafuta, kisha akawachunguza ndani. Baina ya mrija wa kwanza na wa pili, ambako nyongo tayari ilikuwa imechanganyika na chakula, mishipa midogo ya limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake, mbali na ya damu) kwenye utumbo ilikuwa haina rangi. Chini ya mrija wa kongosho, mishipa hiyohiyo ilikuwa myeupe kama maziwa kwa mafuta yaliyofyonzwa. Mimi kila nikifika hapa kwenye kufundisha wanafunzi huwa nasimama kidogo, kwa sababu jibu zima lilikuwa limelala pale, kati ya mirija miwili.

Baada ya mkato, kinachobaki ni asidi mbili za mafuta zilizo huru na kipande cha gliseroli chenye asidi moja. Chumvi za nyongo zinavikusanya kwenye vifurushi vidogo mno vinavyoitwa miseli, na miseli zinavifikisha kwenye ukuta wa utumbo. Seli za ukuta zinavipokea, na humo ndani zinafanya jambo ambalo wengi hawalitarajii: zinavishona tena kuwa trigliseridi. Kisha zinaifunga trigliseridi kwa protini na fosfolipidi (aina ya mafuta yenye upande unaopenda maji), pamoja na kolesteroli kidogo, ikawa chembe iitwayo kilomikroni. Kilomikroni ni kubwa mno kupenya kwenye kapilari, vile vimishipa vidogo kabisa vya damu, za utumbo, hivyo inaingia kwenye limfu, inapanda kifuani, na kuingia kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo upande wa kushoto.

Kwa hiyo ndugu yako wa pili amesema nusu ya ukweli. Mafuta yanaingia kwenye damu, naam, lakini yanaingia kwa kila mtu mwenye afya, awe na mfuko wa nyongo au asiwe nao. Ukimtoa mtu damu saa chache baada ya mlo wa mafuta mengi na kuiacha itulie, ule umajimaji wa juu unaweza kuonekana mweupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Hizo ni kilomikroni. Ndani ya saa chache zijazo, kimeng'enya kilichokaa kwenye kuta za kapilari za misuli na za tishu ya mafuta kinazikata, asidi za mafuta zinaingia kwenye seli, na damu inasafika. Kuondolewa mfuko wa nyongo hakuibadilishi njia hiyo.

Kuharisha kwako kuna maelezo ya namna mbili. Kwanza, mafuta mengi yalifika kwa pamoja na mkupuo wa nyongo haukuwepo. Mengine yalipita kabla hayajatawanywa vizuri. Pili, na mara nyingi hili ndilo kubwa, ni nyongo yenyewe. Kwa kawaida mwisho wa utumbo mwembamba hufyonza chumvi za nyongo kiasi cha asilimia 95 na kuzirudisha kwenye ini, nazo hutumika tena siku hiyohiyo, mara kadhaa. Kwako wewe nyongo inachuruzika muda wote, hata usipokula, na nyingine inaponyoka kuingia utumbo mpana. Huko inachokoza ukuta utoe maji, na choo kinalegea. Kwa walio wengi hali hii inapungua kadiri miezi inavyosogea. Isipopungua, zipo dawa za kunasa chumvi za nyongo utumboni, kama kolestiramini, na daktari anaweza kukuandikia.

Swali lako la mwisho nalijibu waziwazi: hapana, usiishi bila mafuta. Mwaka 1929 George na Mildred Burr, mtu na mkewe waliokuwa wakifanya utafiti Marekani, walitangaza kwamba panya waliolishwa chakula kisicho na mafuta kabisa waliacha kukua, ngozi zao zikawa na magamba, na hatimaye wakafa. Hao walipewa wanga, protini na vitamini zilizojulikana, na bado waliugua. Kilichokosekana kilikuja kujulikana ni asidi ya linoleiki. Leo tunahesabu mbili ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza: hiyo ya linoleiki, ya kundi la omega-6, na ya alfa-linoleniki, ya omega-3. Hatuwezi kwa sababu vimeng'enya vyetu haviwezi kuweka bondi maradufu (kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi mbili badala ya moja) kupita kaboni ya 9 kuhesabu kutoka upande wa asidi. Mimea inaweza. Sitasema ngozi yako imekauka kwa sababu hiyo, maana dalili za upungufu huo hazitokei haraka kwa mtu mzima mwenye akiba mwilini, lakini njia uliyoshika siyo ya kuendelea nayo. Vitamini A, D, E na K nazo zinasafiri ndani ya miseli zilezile. Ukila mboga zenye rangi bila tone la mafuta, sehemu kubwa ya ile rangi ambayo mwili ungeigeuza kuwa vitamini A unaitoa chooni.

Na njaa? Mafuta yanapogusa duodeni, seli za pale zinatoa homoni ya kolesistokinini. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuamuru mfuko wako ujikamue. Ndiyo pia inayoliamuru kongosho litoe vimeng'enya, inayolizuia tumbo lisimwage chakula haraka, na inayoupa ubongo habari ya shibe. Unakula chakula kisicho na mafuta, tumbo linamwaga upesi, njaa inarudi. Uzito nao ni hesabu tu: gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9, gramu 1 ya wanga au protini ina 4. Ulipoyaondoa mafuta hukuongeza kingine cha kufidia.

Kiasi gani, basi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke asilimia 30 ya nishati yote kutoka kwenye mafuta, na wataalamu wa shirika hilo pamoja na wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, waliweka kiwango cha chini kuwa asilimia 15, na 20 kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 20 ni gramu 44 na asilimia 30 ni gramu 67. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya maji kina gramu 14 hivi. Kumbuka mayai, maziwa, karanga na nyama vina mafuta yake ndani, usihesabu ya chupani tu.

Kwako wewe jambo kubwa ni mgawanyo. Gramu 45 zikija kwenye sahani moja ya vitu vya kukaanga, nyongo inayochuruzika haiwezi kuzikabili. Zikija kidogokidogo kwenye milo minne au mitano, inaweza. Anza na kijiko kidogo cha mafuta kwa mlo, rudisha kiini cha yai, kaa siku kadhaa uone choo kinasemaje, kisha ongeza.

Fundi_Maabara

Bi Lishe amemaliza upande wa mmeng'enyo, naomba niongeze upande wa mafuta yenyewe, kwa sababu "mafuta" si kitu kimoja.

Asidi ya steariki na ya oleiki zote zina kaboni 18. Ya steariki imeshiba, yaani kila kaboni imebeba haidrojeni zote inazoweza kubeba, na mnyororo wake umenyooka. Minyororo iliyonyooka inalala pamoja, inabanana, na inahitaji nyuzijoto 69 kuyeyuka. Ya oleiki imepungukiwa haidrojeni 2 tu, pakawa na bondi maradufu moja katikati, na hapo mnyororo unapinda. Haiwezi kubanana vizuri, na inayeyuka kwenye nyuzijoto 13. Ya linoleiki ina mapindo mawili, inayeyuka kwenye nyuzijoto 5 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo sababu siagi inasimama na mafuta ya mbegu yanamiminika.

Ila kuna ya nne, na hii ndiyo ninayotaka watu waijue. Asidi ya elaidiki ina atomu zilezile za oleiki, idadi ileile, bondi maradufu mahali palepale. Tofauti ni kwamba haidrojeni mbili za kwenye ile bondi zimekaa pande tofauti badala ya upande mmoja. Mnyororo umenyooka karibu kama ulioshiba, na unayeyuka kwenye nyuzijoto 45. Hayo ndiyo mafuta ya transi. Yapo kidogo kwa asili kwenye maziwa na nyama za wanyama wanaocheua, lakini mengi yaliyoingia kwenye chakula cha watu yalitoka viwandani, tangu Mjerumani Wilhelm Normann alipopata haki ya njia yake ya kugandisha mafuta ya maji kwa haidrojeni, mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi hiyo ya haidrojeni ikiachwa nusunusu, baadhi ya bondi zinajigeuza upande. Yanapandisha LDL (kolesteroli mbaya ya damu) na kushusha HDL (ile nzuri) kwa pamoja, na sijui mafuta mengine ya kawaida ya chakula yenye tabia mbaya kiasi hicho. Denmaki iliyabana kwa sheria mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Ukiona kwenye pakiti maneno "mafuta yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu", rudisha rafuni.

Mtafiti_wa_Mtaani

Asanteni kwa darasa. Nimesikia mafuta ya nazi hayahitaji nyongo kabisa, yanaenda ini moja kwa moja. Si ndiyo yangemfaa dada Tumaini?

Bi_Lishe

Swali zuri, na nusu yake ni sahihi. Asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi na wa kati, hasa za kaboni 8 na 10, zinayeyuka kwenye maji vizuri kuliko ndugu zake warefu. Hazihitaji sana miseli, hazifungwi kwenye kilomikroni, zinaingia kwenye damu ya utumbo na kwenda ini moja kwa moja. Wodini tunayo mafuta maalumu yaliyotengenezwa kwa hizo mbili, na tunawapa wagonjwa ambao kongosho limeharibika au njia ya limfu imepasuka. Yanasaidia sana.

Lakini mafuta ya nazi siyo hayo. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12, na sehemu kubwa ya lauriki inafuata njia ndefu ya limfu kama mafuta mengine. Za kaboni 8 na 10 zimo kidogo tu. Tena mafuta ya nazi yameshiba kwa zaidi ya asilimia 80, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mafuta yaliyoshiba yasivuke asilimia 10 ya nishati ya siku. Na asidi zile mbili za lazima karibu hazimo. Kama mtu anapenda ladha yake, atumie kidogo. Tumaini hana ugonjwa wa kufyonza mafuta, ana mabadiliko ya ratiba ya nyongo. Simpi dawa ya ugonjwa asionao.

Nashukuru Fundi kwa ile ya elaidiki. Nitaiiba kwa wanafunzi wangu.

Tumaini_M

Nimesoma mara mbili, na nimemsomea mume wangu kwa sauti. Bi Lishe, Mungu akubariki. Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, kolesteroli: kiini cha yai nilikiacha hata kabla ya upasuaji kwa sababu yake, na niliambiwa vijiwe vyangu vilikuwa vya kolesteroli. Nikikirudisha si najitafutia mengine? La pili, natumia vidonge vya vitamini D, nimekuwa nikimeza asubuhi na chai ya rangi kabla ya kula. Je, ni sawa?

Kipara_Mzee

Nami nimejifunza, mwanangu Bi Lishe. Miaka yote hii nilidhani ni nyongo. Endelea kufundisha.

Bi_Lishe

Shikamoo mzee, na asante.

Tumaini, kolesteroli siyo nishati na mwili hauichomi kama mafuta. Ni kitu cha ujenzi. Imo kwenye utando wa kila seli, na kutoka kwayo mwili unatengeneza homoni za uzazi, homoni ya kotisoli, vitamini D kwenye ngozi, na hizohizo chumvi za nyongo tulizozungumza. Sehemu kubwa ya kolesteroli yako imetengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Kwa watu wengi ile ya kwenye chakula inapandisha ya damu kidogo tu, na mafuta yaliyoshiba na ya transi yanaipandisha zaidi. Kama huna kisukari wala historia ya LDL kubwa kwenye ukoo, yai moja kwa siku pamoja na kiini chake sina shaka nalo. Kama unavyo, tuzungumze kwanza na vipimo mkononi.

Vijiwe vinatokea nyongo inapobeba kolesteroli nyingi kuliko chumvi za nyongo zinavyoweza kuiyeyusha, na inapokaa muda mrefu kwenye mfuko bila kukamuliwa. Hapa nawaambia pia wasomaji ambao mfuko wao bado upo: kula bila mafuta kabisa, au kupunguza uzito kwa kasi kubwa, kunauacha mfuko umelala na nyongo imetuama, na hayo ni mazingira mazuri ya vijiwe kuota. Wapo wanaokimbilia chakula kisicho na mafuta ili kujikinga na vijiwe, wakavipata.

Jambo jingine linalokuhusu: njia kubwa ya mwili kuondoa kolesteroli ni kuigeuza kuwa chumvi za nyongo, kama nusu gramu kwa siku. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, za maharage, shayiri na matunda, zinanasa chumvi hizo utumboni na kutoka nazo. Ini linalazimika kuchukua kolesteroli kutoka kwenye damu litengeneze nyingine. Kwako zina faida mbili, maana zinakamata pia ile nyongo inayokulegeza choo. Ziongeze polepole, usije ukajaa gesi.

Vitamini D ihamishie kwenye mlo wenye mafuta mengi kuliko mingine ya siku. Chai ya rangi peke yake haina hata chembe ya mafuta, kidonge kinafika duodeni hakuna miseli ya kukibeba vizuri.

Na hili lisikupite. Choo kikigeuka cheupe kama udongo mkavu, mkojo ukawa wa rangi nzito ya chai, au macho yakawa ya njano, usisubiri kuongeza wala kupunguza mafuta, nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa kijiwe kimebaki kwenye mrija na kimeziba njia. Homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, vivyo hivyo. Na choo kikiwa kinang'aa mafuta, kinaelea na kunuka kupita kawaida kila siku hata unapokula mafuta kidogo, omba kongosho lichunguzwe, kwa sababu hapo kinachokosekana huenda ni lipesi. Uzito wako upime leo, upime tena baada ya kurudisha mafuta kwa wiki kadhaa. Ukiendelea kushuka, nenda na daftari la ulichokula, asubuhi mpaka usiku, na kando yake uandike choo kilivyokuwa.